Baada ya Upasuaji wa Presha ya Macho: Kazi ya Leza na Sababu ya Kurudi Kliniki

Yafuatayo ni maelezo aliyoyatoa mtaalamu wa huduma za macho mbele ya wakazi wa kata, katika mkutano uliozungumzia huduma za afya. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya wananchi na majibu yake.

  

Nimeombwa kuzungumza juu ya presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Wengi mmekwisha kuusikia, na sitapenda kurudia yote yaliyosemwa katika mikutano iliyopita. Leo nataka kuzungumza zaidi na wale waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa ugonjwa huu, pamoja na ndugu zao wanaowauguza nyumbani. Nimeona mara nyingi kwamba mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji, familia nzima huvuta pumzi na kudhani safari imekwisha. Ukweli ni kwamba wiki chache zinazofuata ndizo zinazoamua kama upasuaji ule utafanya kazi au hautafanya. Katika wiki hizo, wako wagonjwa wanaohitaji kupigwa leza, na wasiporudi kliniki kwa wakati nafasi hiyo hupita.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja. Presha ya macho si presha ya damu. Nimekutana na wazee wanaomeza vidonge vya presha ya damu kwa uaminifu mkubwa, wakiamini kwamba vinatibu na jicho. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu ya kawaida kabisa, huku jicho lake likiharibika kwa shinikizo la ndani. Vipimo vyake ni tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa usiku na mchana bila kukoma. Maji haya si machozi; yako ndani, nyuma ya kioo cha mbele cha jicho. Hulisha sehemu za jicho, kisha hutoka kupitia vitundu vidogo sana vilivyo kwenye kona, pale kioo cha mbele kinapokutana na sehemu yenye rangi. Sisi wa Tunduma hatuhitaji mfano wa mbali. Malori yanaingia mpakani siku nzima kutoka njia ya Mbeya. Lango la kutokea likifanya kazi vizuri, hakuna anayeona tatizo. Lango likizubaa, malori hayaachi kuja. Foleni hurudi nyuma mpaka Chapwa, mpaka Mpemba, na barabara nzima hukwama. Ndivyo jicho linavyokuwa. Maji yanaendelea kutengenezwa, njia ya kutokea imeziba kidogo kidogo, na shinikizo linapanda. Kipimo cha kawaida cha shinikizo hilo huwa kati ya 10 na 21. Likikaa juu kwa muda mrefu, hukandamiza mshipa wa fahamu unaobeba picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na nyuzi za mshipa huo hufa. Zikishakufa hazirudi, si kwa dawa, si kwa kisu, wala kwa leza.

Aina ya glakoma iliyo nyingi zaidi kwetu haiumi. Huanza kula pembeni mwa kuona, na mtu huendelea kusoma, kuhesabu fedha na kutambua nyuso za watu. Anapoanza kugonga fremu za milango au kushtukizwa na bodaboda inayotoka ubavuni, sehemu kubwa imekwisha kwenda. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Ulikuta kwamba takriban 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Kongwa si mbali na maisha yetu: ni vijiji vya wakulima kama vilivyo vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje. Na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu ana hatari kubwa zaidi ya kuupata.

Sasa nije kwenye upasuaji. Ule unaofanyika zaidi huitwa trabekulektomi. Umeanza kutumika kwa namna tunayoijua tangu mwaka 1968. Daktari hufungua njia mpya ya maji chini ya kope la juu. Hukata kifuniko kidogo katika ukuta mweupe wa jicho, hutoboa tundu chini yake, kisha hukirudisha kifuniko mahali pake na kukishona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Maji hupenya chini ya kifuniko na kukusanyika chini ya ngozi laini ya jicho, mahali panapoinuka kama lengelenge dogo, na kutoka hapo mwili huyanyonya taratibu.

Mtu anaweza kuuliza: kama lengo ni maji yatoke, kwa nini basi kifuniko kishonwe? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Kikiachwa wazi, maji yatatoka yote kwa ghafla, jicho litanywea kama mpira uliotobolewa, na mgonjwa anaweza kupoteza hata kile alichokuwa akikiona. Kwa hiyo daktari mwangalifu hushona kwa kukaza, akijua kwamba amekaza kidogo kupita inavyotakiwa. Nia yake ni kulegeza baadaye, jicho likishatulia. Yaani upasuaji una sehemu mbili: moja hufanyika siku ya kisu, na nyingine hufanyika kliniki, siku ya kurudi.

Kulegeza huko ndiko kunakofanywa kwa leza. Mgonjwa huketi mbele ya mashine ileile anayoizoea ya kupimia macho, akiegemeza kidevu. Hutiwa matone ya ganzi, hachomwi sindano. Daktari huweka kioo kidogo juu ya jicho, hukandamiza ngozi laini mpaka uzi uonekane kama mstari mweusi, kisha huuelekezea mwale wa leza. Uzi hukatika, na ngozi iliyo juu yake hubaki nzima. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kifuniko hulegea, maji hupata njia, na shinikizo huweza kushuka papo hapo, wakati mwingine baada ya daktari kulikanda jicho kwa kidole. Hukata uzi mmoja, hupima, na kumwambia mgonjwa arudi baada ya siku chache ili aone kama kuna haja ya kukata wa pili. Hakati zote kwa pamoja, kwa sababu hatari ileile ya jicho kunywea bado ipo.

Lakini mwili nao una kazi yake. Mwili haujui kwamba tundu lile limetengenezwa kwa makusudi; huliona kama jeraha na kuanza kuliziba kwa kovu. Sisi Waafrika makovu yetu hujenga haraka na kwa nguvu, na hilo tunaliona hata kwenye ngozi ya nje. Ndiyo sababu siku ya upasuaji madaktari wengi hupaka dawa ya kuchelewesha kovu, iitwayo mitomaisini, na baadaye mgonjwa hupewa matone ya kutuliza uvimbe. Pamoja na hayo, muda ambao kukata uzi kunaleta faida ni mfupi. Kwa kawaida ni wiki chache za mwanzo. Dawa ya kovu ikitumika, muda huo hurefuka kiasi. Ukishapita, kovu limeshika mahali pa uzi. Unaweza kuukata uzi ule na pasitokee lolote.

Naomba hapa niseme jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa huko Mbozi. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa kabla hatujajua jina la ugonjwa. La kulia alifanyiwa upasuaji, katika hospitali ambayo sitaitaja. Wiki ya kwanza alirudi kupimwa kama alivyoagizwa. Akapangiwa tarehe nyingine, baada ya wiki mbili. Tarehe hiyo iliangukia katikati ya mavuno, vibarua wako shambani, na mashine ya kumenya kahawa inasubiri. Baba akasema: jicho haliumi, linaona, kwa nini nitupe nauli? Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa fani hii ya tiba, mtu ambaye familia ilimtegemea kwa neno la mwisho. Nikamuunga mkono. Nilimwambia amalize mavuno kwanza.

Alirudi baada ya miezi minne. Daktari alimpima, akakuta shinikizo limepanda kupita hata lilivyokuwa kabla ya kisu. Akatuambia kwa upole kwamba wiki ile ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kulegeza uzi, na kwamba sasa njia imezibwa na kovu. Alirudishiwa matone, baadaye akapasuliwa mara ya pili, na mara hiyo ya pili haikuokoa kilichokuwa kimebaki. Katika miaka yake ya mwisho baba alikuwa akijua tu dirisha liko upande gani. Kadi yake ya kliniki ninayo mpaka leo. Tarehe imeandikwa vizuri kwa wino wa bluu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku ile kuna uzi wa kukatwa, na hakuna aliyetueleza. Tangu nianze kazi hii, sijampa mgonjwa tarehe bila kumwambia siku hiyo tutafanya nini, ila nakiri kwamba nami sikuuliza, ingawa nilikuwa na elimu ya kuuliza.

Turudi kwenye leza, kwa kuwa si ya aina moja. Wako wanaosema, “Jirani yangu alipigwa leza akaona vizuri siku ileile.” Huyo huenda alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kisha utando ukajenga nyuma ya lenzi mpya, na leza ikautoboa. Hiyo husafisha kuona. Leza ya presha ya macho haifanyi hivyo, na mgonjwa anayeitarajia imrudishie kuona atarudi nyumbani amekata tamaa bure. Kazi yake ni kulinda kilichobaki.

Iko leza ya pili, ambayo haigusi mshono wowote. Huelekezwa kwenye zile njia za asili za kona ya jicho, kwa mipigo midogo inayozunguka kona, nayo huziamsha seli za pale ili maji yapite vizuri zaidi. Aghalabu hutumika kabla ya kufikiria kisu, badala ya matone. Wakati mwingine hutumika hata katika jicho lililokwisha kupasuliwa ambalo shinikizo limeanza kupanda tena, mradi kona yenyewe iwe wazi. Matokeo yake hayaji siku hiyo. Husubiriwa kwa wiki kadhaa.

Juu ya leza hii tuna ushahidi wa hapa nchini, na napenda wananchi waujue, maana mara nyingi tunasomewa tafiti za watu wa mbali. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kuanzia mwaka 2015 hadi 2017 waliandikishwa wagonjwa 201 wa glakoma. Nusu yao walipewa matone ya timolo, ambayo ndiyo dawa inayotumika sana kwetu, na nusu wakapigwa leza. Baada ya mwaka mmoja, kwa upande wa matone, macho 31 katika kila 100 ndiyo yaliyokuwa yamefikia shinikizo lililokusudiwa. Kwa upande wa leza yalikuwa 61. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Tusiyatie chumvi: theluthi moja ya macho yaliyofanikiwa kwa leza yalihitaji kupigwa mara ya pili, na takriban 4 katika kila 10 hayakufanikiwa. Lakini kwa mtu anayelazimika kununua chupa ya matone kila mwezi maisha yake yote, na kuyatia bila kukosa hata akiwa safarini au shambani, tofauti hiyo ni kubwa.

Iko na leza ya tatu, ambayo sitakaa nayo sana. Hii hupenyezwa katika weupe wa jicho ili kupunguza sehemu inayotengeneza maji yenyewe. Kwa mfano wetu, ni kupunguza malori badala ya kupanua lango. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi kwanza, na jicho linaweza kuuma na kuvimba kwa siku kadhaa. Hutumika zaidi pale upasuaji uliposhindwa, au jicho lisiloona linapomtesa mwenyewe kwa maumivu. Sehemu ile ikiunguzwa kupita kiasi, shinikizo laweza kushuka mno, kwa hiyo daktari huitumia kwa kipimo.

Kuhusu utaratibu wetu. Mwenye wasiwasi na macho yake, hasa aliyefikisha miaka 40 au mwenye ndugu aliyepofuka, aanze kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, apate barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa, na kutoka huko, ikihitajika, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Najua safari ya Mbeya ina gharama. Ni zaidi ya kilomita 100 kwa Kosta, mgonjwa asiyeona vizuri anahitaji msindikizaji, na wote wawili wanapoteza siku ya kazi. Ndiyo maana nawaomba familia zipange fedha za marudio kabla ya upasuaji, na zisizihesabu kama nyongeza ya baadaye. Afadhali kuahirisha kisu kwa wiki mbili, daktari akiridhia, kuliko kupasuliwa ukiwa na nauli ya kwenda mara moja tu. Mwenye bima aulize mapema kama marudio na leza vinalipiwa, asije akalijua hilo dirishani.

Na mkiwa kule, ulizeni maswali haya, hata kama foleni ni ndefu: Shinikizo la jicho leo ni ngapi? Je, kuna uzi utakaokatwa, na ni lini mwisho wa kuukata? Andikeni namba hizo kwenye kadi au kwenye daftari la mtoto wa shule.

Baadhi ya maswali ya wananchi

Mama mmoja aliuliza kama leza ni mionzi inayoweza kuleta saratani. Jibu: La. Leza hizi ni mwanga uliokusanywa mahali padogo mno, hazifanani na mionzi ya picha ya eksirei. Zina madhara yake, kama jicho kuwa jekundu, kuwashwa na mwanga, au shinikizo kupanda kwa muda mfupi, na kwa sababu hiyo mgonjwa hutakiwa kusubiri apimwe tena kabla ya kuondoka. Asikimbilie gari.

Mzee mmoja aliuliza kama akishapigwa leza anaweza kuacha matone. Jibu: Mzee wangu, usiache mpaka daktari akuambie. Wapo wanaoacha kabisa, wapo wanaopunguziwa, na wapo wanaoendelea nayo. Na ninyi wenye pumu, mwambieni daktari kabla ya kuanza timolo, kwa sababu dawa hiyo, ingawa inatiwa jichoni, inaweza kubana kifua.

Kijana mmoja alisema kwamba matone ya macho hupatikana kirahisi katika maduka, huku na upande wa Nakonde, na akauliza kama kuna ubaya kujinunulia. Jibu: Upo. Baadhi ya matone yanayouzwa kwa ajili ya macho mekundu na ya kuwasha yana dawa za jamii ya steroidi. Hutuliza haraka, na kwa hiyo watu huzipenda, lakini zikitumika kwa muda mrefu bila kupimwa zenyewe hupandisha shinikizo la jicho. Mgonjwa aliyepasuliwa hupewa dawa za jamii hiyo kwa muda maalumu chini ya uangalizi. Asijiongezee chupa nyingine chupa yake ikiisha. Ukienda kliniki, chukua chupa zako zote, hata zilizokwisha.

Mwisho alisimama mama aliyesema kwamba mume wake alipasuliwa jicho kwa ugonjwa huu, tarehe yake ya kliniki ilikuwa juzi, lakini yeye amekwenda Kamsamba kwenye mpunga kwa sababu jicho limetulia. Jibu: Mama, tangu apasuliwe ni wiki ngapi? Alijibu kwamba ni wiki ya tatu. Basi bado hatujachelewa. Mpigie simu sasa hivi, mwambie apande gari la kwanza la kesho, aje na kadi yake na chupa zake. Akifika Tunduma apitie kwangu nimwandikie maelezo ya kwenda nayo Mbeya, asisubiri kupangiwa tarehe mpya.

Mama huyo alitoka nje kupiga simu, na mkutano ukaendelea na ajenda ya vituo vya maji.